Koboko Inafunguka, Arua Haifunguki

Tengeneza folda mbili ndani ya flashi. Moja iite koboko na nyingine arua, zote kwa herufi ndogo, na ndani ya kila moja weka faili la mauzo ya sokoni, mauzo.csv. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye Windows, nayo itaipa herufi yake, tuseme E. Sasa andika kwa Python mstari mfupi wa kufungua "E:\koboko\mauzo.csv". Faili litafunguka. Nakili mstari huohuo, badilisha neno moja tu, koboko liwe arua, kisha endesha programu tena. Itagoma.

Folda ipo, faili lipo, jina halina kosa hata la herufi moja. Asiyeijua kazi hii ataanza kwa kuilaumu flashi. Ataichomoa na kuichomeka tena, ataizima kompyuta na kuiwasha, na jua likizama atakuwa anaipakia Python upya. Ninaowastahi ni wale ambao hawagusi chochote kati ya hivyo. Arua na Koboko, miji ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, wapo vijana wa namna hiyo. Baadhi wamepita Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, na wengine wamejifunza wenyewe kwa laputopu za mkono wa pili na bando la simu. Mwanafunzi anakuja na laputopu wazi mikononi: "Dada, faili limepotea." Naye fundi anavuta kiti: "Tusome kwanza imesema nini."

Kompyuta ilikwisha kusema yote. Mwishoni mwa ule mlolongo wa maandishi ambao wengi huuruka, pana njia ya faili kama kompyuta yenyewe ilivyoielewa: 'E:\x07rua\\mauzo.csv'. Itazame polepole. Ile a ya mwanzo wa arua haipo tena, na mahali pake pamekaa x07. Python ilipokutana na mkwaju wa nyuma, alama ya \, uliofuatwa na a, haikusoma jina la mji, ilisoma agizo la kupiga kengele. Alama namba 7 ni ya kengele iliyokuwa ikilia kwenye mashine za teleprinta kumwita mtu aje kupokea ujumbe, na imebaki katika lugha za programu hadi leo. Koboko ilipona kwa sababu mkwaju wa nyuma ukifuatwa na k hauna maana yoyote katika Python, basi ukaachwa kama ulivyo. Tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023 Python hutoa onyo linaloonekana hata kwa k, lakini mstari bado unafanya kazi, na onyo ambalo halizuii kitu husomwa na wachache.

Ukishaiona kengele hiyo, iangalie West Nile yote, eneo lenye Arua na Koboko, kwa jicho hilo. Folda ya nebbi itavunjika, maana mkwaju na n ni mstari mpya. Folda ya terego itavunjika kwa sababu mkwaju na t ni nafasi ya jedwali. Rhino ikiandikwa kwa herufi ndogo inakuwa agizo la kurudi mwanzo wa mstari, bidibidi inakuwa agizo la kurudi hatua moja nyuma, vurra inakuwa kuruka wima, na adjumani inapiga kengele ileile ya arua. Yumbe, moyo, maracha, zombo na pakwach zinapita salama. Na ukithubutu kuiweka folda iitwayo uganda baada ya mkwaju wa nyuma, programu haianzi kabisa, kwani mkwaju na u unamwahidi msomaji namba nne za herufi ya Unicode, na "gand" si namba za kuaminika. Programu ileile, mikono ileile, na wilaya moja inafanya kazi huku jirani yake ikigoma. Ukimwambia mtu asiyeona chanzo, atadhani ni mambo ya uchawi.

Chanzo kina historia, na fundi anayeijua hufanya kazi kwa utulivu zaidi. Mkwaju wa nyuma uliingizwa katika alama za ASCII mwaka 1961 na Bob Bemer, ili waandishi wa lugha ya ALGOL waweze kuunda alama za "na" na "au" kwa kuunganisha mikwaju miwili. Baadaye Bell Labs, Marekani, walipojenga Unix, walichagua mkwaju wa kawaida kutenganisha folda, na katika lugha ya C wakaupa mkwaju wa nyuma kazi ya kuandika herufi zisizoonekana. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshashikwa na kazi ya kuashiria machaguo ya amri. Toleo la 2.0 lilipoleta folda mwaka 1983, ikabidi njia za mafaili zichukue mkwaju wa nyuma. Tangu hapo alama moja ina mabwana wawili, na mabwana hao wanakutana ndani ya mstari mmoja wa mwanafunzi wa Arua.

Tiba ni fupi. Windows yenyewe inaikubali "E:/arua/mauzo.csv" yenye mkwaju wa kawaida. Au tanguliza herufi r kabla ya alama ya kufungua nukuu, Python isitafsiri kitu. Au tumia pathlib, iliyokuja na toleo la 3.4 mwaka 2014, ambayo huunganisha majina ya folda bila wewe kugusa mkwaju wowote. Lakini nikiwatazama mafundi hawa naona kwamba tiba haikuwa sehemu ngumu ya kazi. Ugumu ulikuwa kukaa na ile x07 bila kuirukia.

Wana kawaida nyingine ninayoipenda: wanaheshimu namba ya kosa. Namba 2 inasema kwamba kwa jina hili, kuanzia mahali hapa, hakuna kitu. Namba 13 inasema kitu kipo ila umezuiwa. Namba 22, ile ya kengele, inasema njia yenyewe haieleweki. Ni kauli tatu tofauti, na mwenye haraka huzisikia kama moja: "imekataa." Tena kila mfumo una lahaja yake. Ukijaribu kufungua folda kana kwamba ni faili, Linux itakuambia wazi, kwa namba 21, kwamba hii ni folda. Windows itakujibu kwa namba 13, ya ruhusa, na nimeona watu wakihangaika na mipangilio ya ruhusa ilhali walichosahau ni kuandika jina la faili mwishoni mwa njia. Namba 13 hiyohiyo hutokea pale programu inapotaka kuandika ndani ya jedwali ambalo mtu ameliacha wazi kwenye Excel. Fundi mzoefu haulizi habari za ruhusa kabla ya kuuliza, "Umelifunga lile dirisha?"

Kosa namba 2 ndilo linalojaa zaidi, na mara nyingi haliko kwenye faili. Liko mahali programu iliposimama. Ukimwelekeza mgeni Arua kwa kumwambia apite mtaa mmoja kisha apinde kushoto, maelekezo yako ni kweli kwa mtu aliyesimama uliposimama wewe. Mwambie hayohayo mtu aliyeshukia stendi ya Koboko, naye atapinda kushoto na kukuta ukuta. Njia kama "takwimu/mauzo.csv" ni maelekezo ya namna hiyo. Hayasemi yanaanzia wapi. Mwanafunzi anadhani yanaanzia kwenye folda lilipo faili la programu yake. Kompyuta inayaanzisha kwenye folda ambamo amri ya kuendesha ilitolewa, na folda hizo mbili si lazima ziwe moja. Programu inayokwenda vizuri ukiiendesha ndani ya folda yake itashindwa ukiiendesha ukiwa folda ya juu yake. Itashindwa pia ukiiachia kompyuta iiendeshe yenyewe usiku kwa cron, kwa sababu cron husimama kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, hata kama mradi uko mbali na hapo.

Ndiyo maana swali la kwanza la fundi halihusu faili hata kidogo. Anaandika pwd kwenye terminali, au os.getcwd() ndani ya Python, na anangoja jibu. Kisha anaishuka njia folda moja baada ya nyingine, kila hatua akiandika ls ili aone kilichopo, hadi afike mahali jina lililoandikwa na jina lililopo yanapoachana. Haruki hatua hata ile anayoijua. Nikiwa pembeni nimewahi kutamani kumsukuma asonge mbele, maana folda ya tatu ilikuwa dhahiri machoni pangu, na nimeshukuru kunyamaza, kwa sababu tofauti ilikuwa humohumo kwenye folda ya tatu.

Tofauti yenyewe mara nyingi ni ndogo mno. Majina ya huku yanazaa tofauti za aina hiyo kwa wingi. Rhino Camp ina nafasi katikati, na terminali hukata maneno penye nafasi, hivyo amri ya kuhamia folda hiyo bila nukuu inasomeka kama folda mbili, Rhino na Camp. Bidibidi, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016, huandikwa Bidibidi, BidiBidi na Bidi Bidi, na kwa kompyuta ya Linux hayo ni majina matatu yasiyo na undugu. Madi-Okollo ina kistari, na ukiliita faili la Python madi-okollo.py huwezi kuliagiza kwa import, kwa sababu Python inakiona kistari kuwa alama ya kutoa.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zinazowaumiza walio wengi, kwa sababu zinangoja. Kwenye laputopu yenye Windows, Koboko.csv na koboko.csv ni kitu kimoja, na programu inaendeshwa miezi yote bila neno. Siku inapopandishwa kwenye seva ya Linux inakufa papo hapo. Kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza, likilindwa na mfumo usiojali. Git, zana ya kutunza matoleo ya programu, nayo hulizidisha: ukibadilisha K kuwa k kwenye Windows, Git inaweza isione badiliko lolote, na jina la zamani likaendelea kusafiri hadi kwenye seva. Wanaojua hubadilisha kwa git mv, kisha wanakagua kwa git ls-files Git inaliitaje faili hilo, bila kujali dirisha la mafaili linaonyesha nini.

Halafu kuna ritifaa, na hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Andika kwenye terminali ya Linux: cat ng'ombe.csv. Hakuna kitakachotokea. Mstari mpya utaanza na alama ya > na kompyuta itakaa kimya ikisubiri, kwa kuwa imeichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu na inangoja uifunge. Kilugbara kinatumia ritifaa kabla ya b na d kama sehemu halali ya tahajia, na Kikakwa vilevile, kwa hiyo anayehifadhi hadithi, nyimbo au orodha za maneno za lugha hizi kwa majina yake sahihi anakutana na jambo hili kila siku. Na si ritifaa moja. Ile ya kibodi ni U+0027. Ile iliyopindwa ambayo Word huiweka yenyewe ni U+2019. Kwa jicho la binadamu zinafanana. Kwa kompyuta jina lililonakiliwa kutoka Word na jina lililoandikwa kwa mkono ni mafaili mawili tofauti.

Mtu mwenye haraka atasema basi ondoeni ritifaa, andikeni ngombe. Siafiki, na nimefurahi kuona kwamba mafundi ninaowastahi nao hawaafiki. Kompyuta inaweza kubeba majina hayo. Herufi ŋ ya Kikakwa ni U+014B, inachukua baiti mbili katika UTF-8, na Linux inaruhusu hadi baiti 255 kwa jina moja la faili, kwa hiyo nafasi ni tele. Kinachotakiwa ni kuliweka jina ndani ya nukuu mbili, kukubaliana ritifaa ipi itumike katika mradi mzima, na kuikagua. Fundi anaandika print(ascii(jina)), na mara moja ritifaa iliyopindwa inajitokeza kama \u2019, ŋ kama \u014b. Kama anahisi kuna nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, anapitisha orodha kwenye cat -A, ambayo huweka alama ya $ kila mstari unapoishia, na nafasi ile ya siri inaonekana imebanwa kati ya herufi ya mwisho na $.

Kuna pia tofauti ambayo hakuna zana ya kuionyesha, inabidi uijue nchi. Mtu alipanga takwimu zake kwa wilaya: folda ya Arua, ndani yake Rhino Camp, ndani yake miaka. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini Koboko ilishaondoka Arua mwaka 2005 na kuwa wilaya, Madi-Okollo ikafuata Julai 2019, Terego Julai 2020, mwezi uleule Arua ilipopewa hadhi ya jiji. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp leo yako Madi-Okollo na Terego. Mwenye mradi akihamisha folda kufuata ramani mpya, kila njia iliyoandikwa ndani ya programu za zamani inavunjika. Asipohamisha, anayekuja leo na kutafuta chini ya Terego hakuti kitu na anahitimisha kwamba takwimu hazikuwahi kukusanywa. Nimemwona fundi akilitatua hili kwa busara ambayo sikufundishwa popote: folda zikapewa misimbo isiyobadilika ya maeneo, na faili dogo moja pembeni likaeleza kila msimbo ulikuwa wilaya gani, kuanzia tarehe ipi. Siku mipaka ikibadilika tena, wataongeza mstari kwenye faili hilo na hakuna folda itakayohama.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa ni ya kawaida kote. Windows huficha viendelezi, na mauzo.csv kumbe ni mauzo.csv.txt. Kirusi cha flashi huficha folda zote na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye flashi analia kuwa kazi imepotea, ilhali attrib -h -r -s /s /d inairudisha yote. Herufi ya flashi iliyokuwa E leo ni F kwa kuwa kuna flashi nyingine imetangulia kuchomekwa.

La umeme sitalipitia haraka. Hadi mwaka 2024 West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilitegemea bwawa dogo la Nyagak, lenye megawati 3.5, na majenereta ya dizeli, na kukatika kwa umeme kulikuwa sehemu ya saa za kazi. Programu iliyokuwa katikati ya kuandika faili huacha faili lenye jina sahihi, mahali sahihi, na ukubwa wa baiti 0. Hakuna namba 2 wala 13. Linafunguka vizuri, na ndani hamna kitu. Kutokana na hilo mafundi wa huku walishika desturi ambayo wenzao wa miji yenye umeme wa uhakika huisoma vitabuni tu: andika kwanza kwenye faili la muda, hakikisha limefika kwenye diski, ndipo ulipe jina lake la kweli. Kwenye Linux kubadilisha jina ndani ya diski moja ni tendo lisilogawanyika. Atakayefungua faili atakuta ama toleo la zamani zima au jipya zima, si nusu.

Na ikiwa kila kitu kimekaguliwa na programu bado inasema haioni? Hapo ndipo nimeona ufundi katika kilele chake. Kuna zana iitwayo strace, ambayo toleo lake la kwanza liliandikwa na Paul Kranenburg kwa ajili ya SunOS mwaka 1991. Inasimama kati ya programu na mfumo endeshi, na kuandika kila ombi linalopita. Ukiiambia ionyeshe maombi ya kufungua mafaili tu, unaona programu ikibisha hodi mahali pa kwanza, ikijibiwa ENOENT, yaani namba 2 ileile, ikienda pa pili, ikijibiwa ENOENT, pa tatu, pa nne. Wengi wakiona mistari hiyo mamia huifunga. Fundi anaisoma kama barua. Miongoni mwa mamia hayo upo mstari mmoja ambao njia yake haifanani na nia ya mwandishi: folda ya mtumiaji mwingine, jina la toleo la zamani, mkwaju uliojirudia mahali kigezo kilipokuwa kitupu. Kwenye Windows kazi kama hiyo hufanywa na Process Monitor. Ninachokistahi ni kukataa kubahatisha hata pale kubahatisha kungemaliza kazi mapema, kwa sababu aliyebahatisha akapatia hajui alichokiponya.

Akishamaliza haondoki mara moja. Anarudi kwenye programu ya mwanafunzi na kuongeza mistari michache kwa ajili ya siku faili litakapokosekana tena, yeye akiwa hayupo. Ujumbe wa zamani ulisema tu kwamba faili halikupatikana. Wa sasa unaandika njia nzima kuanzia mzizi wa diski, kwa ascii() ili herufi zisizoonekana zionekane. Unaandika programu ilikuwa imesimama folda gani. Na unaorodhesha vilivyokutwa katika folda ya mwisho iliyofikiwa. Mwanafunzi anairudisha Koboko laputopu yake yenye Linux, na wiki ijayo kosa linapotokea anasoma mwenyewe kwenye kioo kwamba programu ilitafuta mauzo.csv, na kwamba ndani ya folda hiyo kuna faili moja tu, Mauzo.csv.